Mlinzi wa Miezi Mitano

Mcho. Mcho. Mcho.

Ilikuwa sauti ndogo ya mdomo unaonyonya ngumi, lakini gizani mle chumbani ilimfikia mama kama mtu aliyemwita kwa jina. Hakufungua macho. Alijua ana dakika mbili: kwanza ngumi, halafu kuguna, halafu mguu mmoja kupiga godoro, na asipowahi hapo, kilio ambacho nyumba nzima ya wapangaji sita ingekisikia. Alinyoosha mkono, akamvuta mwanawe ubavuni, akafungua kifungo cha gauni. Kimya kikarudi.

Ilikuwa mara ya nne tangu ajilaze. Labda ya tano. Siku hizi alikuwa ameacha kuhesabu, maana kuhesabu nako kunachosha.

Miezi miwili nyuma mtoto huyuhuyu alikuwa sifa ya nyumba. Alinyonya saa tatu usiku, akalala fofofo mpaka saa kumi alfajiri. Wanawake wenzake pale bombani walimwambia, "Una bahati, mwenzetu," na yeye akaanza kuamini kwamba si bahati, ni ustadi. Kisha likizo ya uzazi ikaisha. Akarudi kiwandani, na wiki mbili hazikupita, mtoto akageuka. Akawa ananyonya, anasinzia, anaamka, ananyonya tena. Na ifikapo saa nane usiku, shibe ikimkolea, anakodolea dari asiyoiona na kuanza kuhutubia.

"Aguu. Aguu-eee."

"Shii," mama alimnong'oneza. "Dada yako amelala."

"Sijalala," alijibu dada mtu kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa na miaka sita, na tangu mdogo wake azaliwe kila mtu alimwita Dada, hata baba yake. "Anasema nini?"

"Anasema watu walale."

"Mbona yeye halali?"

Ukuta ukagongwa mara mbili. Nyuma yake aliishi bibi mmoja mjane aliyelea watoto wake saba na wengine wa watu, na nyumba nzima ilimwita Bibi Ukuta, kwa sababu maoni yake yote yalipitia hapo.

"Mwambieni huyo mheshimiwa afunge kikao!"

Mama alicheka bila sauti. Kifua kikatikisika, mtoto akaachia titi ajue kulikoni, kisha akalirudia kwa haraka kama aliyekumbuka jambo. Hata katika uchovu ule, mama aliuona uzuri wake: ile mikono midogo inayokanda titi kama mtu akandaye unga, ile pumzi ya joto. Alimbusu kichwani. Halafu akaanza kuogopa asubuhi.

Baba alirudi saa kumi na mbili kasoro robo, na mkate nusu chini ya kwapa. Ulikuwa mkate uleule wa siku zote, ila kila mwezi ulizidi kuwa mwepesi na bei yake kuwa nzito. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la magodoro. Usiku kucha alilinda magodoro mia tatu akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na katika miaka minne hakuwahi kukutwa amesinzia. Walinzi wa maghala jirani walimtania kwamba hiyo ni dhambi, kukesha karibu na godoro.

"Umeamkaje, mama watoto?"

"Sijaamka. Ili uamke lazima kwanza ulale."

"Basi nipe huyo. Mimi hanisumbui hata chembe. Jana tumelala mpaka saa tisa."

"Na maziwa?"

Baba alijikuna kidevu. "Alikunywa vijiko viwili. Kimoja kilinywewa na shati langu."

Kila alfajiri mama alikamua kwa mkono, akajaza kikombe chenye kifuniko, akakiweka ndani ya beseni la maji baridi. Na kila jioni alikikuta karibu kama alivyokiacha. Alikuwa ameanza kuwaza kwamba maziwa yake yameingia kasoro, au mtoto anaumwa ugonjwa usiopandisha homa. Hakumwambia mtu. Alifunga kilemba, akamkabidhi mumewe mtoto pale mlangoni, kiganja chini ya kisogo, kama watu wanaopokezana bakuli lililojaa, akaondoka.

Kiwanda kilishona mashati ya shule. Katika mstari wake walikaa watu kumi na wanane: wa kwanza alipokea kipande cha mgongo, wa mwisho alikata nyuzi, na yeye alikuwa namba tisa, kazi yake kola. Wengi hudhani kola ni kitambaa tu. Hawajui kwamba shingo ya shati ni mviringo na kola imenyooka, na kuvipatanisha hivyo viwili bila kuacha mkunjo kunataka vidole vyenye akili. Yeye alikuwa navyo. Kola arobaini kwa saa, ncha mbili zikilingana kama masikio ya sungura. Wenzake walimwita Kola, na jina hilo alilipenda.

Namba kumi aliketi mwanamke mnene mwenye sauti ya kicheko, aliyetia vifungo, na kwa hiyo akaitwa Vifungo.

"Macho yako mekundu kama taa za nyuma za gari," alimwambia asubuhi ile.

"Nilikuwa mkutanoni."

"Mheshimiwa alihutubia tena?"

"Mpaka saa kumi."

"Mpe uji mzito jioni. Tumbo likijaa, kichwa kinalala."

"Kliniki walisema miezi sita, maziwa ya mama tu."

"Kliniki hawakai namba tisa."

Hilo lilikuwa kweli. Tayari alikuwa na barua moja ya onyo, aliyopewa kwa kusinzia wiki iliyotangulia. Pale kiwandani barua ya tatu haikuhitaji kusomwa. Uliitia saini, ukarudisha kitambulisho, ukaonyeshwa geti. Mshahara wake ndio uliolipa chumba. Wa baba ulilisha. Mmoja ukianguka, mwingine hausimami.

Yaliyotokea baina ya saa tano na saa sita hakuweza kuyaeleza vizuri baadaye. Feni ilizunguka. Cherehani zilinguruma, na ule mngurumo ukawa laini, ukawa kama pumzi ya mtoto. Alisikia mtu akisema, "Kola! Kola, mama yangu, unashona nini?" na alipotazama mapajani aliona kola imekaa ndani nje, kitambaa cha kukazia kikitazama dunia. Na iliyotangulia vivyo hivyo. Na nyingine. Mikono haikuwa imeacha kazi hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha: alikuwa amelala, na mikono imeendelea kumfanyia kazi peke yake, kwa mwendo uleule, mshono umenyooka, upande tu ndio mbaya.

Kipenga kililia. Msimamizi wa mstari alikuwa mwanamke mwembamba aliyekivaa shingoni, na jina lake lilitokana nacho. Aliyahesabu mashati kwa kuyapiga moja moja juu ya meza.

"Ishirini na mawili. Haya atavaa nani? Watoto wanaotembea kinyumenyume?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

"Samahani, msimamizi. Mwanangu halali usiku."

"Mtoto ni wako, mstari ni wangu." Kipenga alisema hivyo bila hasira, na pengine hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na mkubwa wake ghorofani aliyemsubiri na daftari. "Yafumue."

Aliyafumua. Saa ya chakula wenzake walipotoka kwenda uani, yeye alibaki na kiwembe na rundo lake, akikata nyuzi bila kukwaruza kitambaa. Vifungo alimwachia kipande cha mkate pembeni ya cherehani, akabaki naye, akiokota nyuzi sakafuni. Kufikia saa nane mashati yote ishirini na mawili yalikuwa yameshonwa upya, na fundi yeyote angeyainua juu ya taa asione tundu la sindano ya kwanza. Kipenga aliyakagua, akayapanga juu ya meza.

Barua iliandikwa vilevile. Ya pili. Na kwa kuwa alikuwa "amechoka," kama ilivyoandikwa, aliamriwa arudi nyumbani, siku yake ikatwe nusu.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini, alifika nyumbani jua likiwa bado juu.

Dada alikuwa ameketi kizingitini, magoti pamoja, kidole mdomoni.

"Shii, mama. Baba kasema nisiongee. Mtoto ataamka."

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu tunywe chai."

Mama alisukuma mlango, na kitambaa kilichosokomezwa chini yake kikakwaruza sakafu. Ndani kulikuwa usiku. Blanketi zito lilikuwa limetundikwa dirishani kwa misumari minne. Tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa kwa karatasi. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu, tamu, nzito kwa pumzi mbili: baba alilala chali, mdomo wazi, na juu ya kifua chake mtoto amelala kifudifudi, akipanda na kushuka kama mashua iliyofungwa. Kikombe kilikuwa ndani ya beseni, kimejaa.

Hakuwahi kuliona lile blanketi pale dirishani. Lilitundikwa akishaondoka, likashushwa kabla hajarudi ili chumba kipate hewa. Alisimama hapo huku mwanga wa mlangoni ukimpiga mgongoni, na kitu kikaanza kujipanga kichwani mwake, polepole, kama kola inavyojipanga na shingo.

"Wamekufukuza?" Bibi Ukuta alikuwa amefika nyuma yake, ufagio mkononi.

"Bado barua moja."

Bibi alichungulia. Alitazama dirisha, akatazama kile kifua kinachopanda na kushuka, akapiga kofi moja la mshangao.

"Ehee! Kumbe nyumba yote iko zamu ya usiku! Na mimi nagonga ukuta bure." Akashusha sauti. "Mtoto wa titi hasomi saa, mwanangu. Anakusoma wewe. Mchana haupo, giza limetanda, baba anakoroma; akilala anakosa nini? Ukirudi ndipo kunapambazuka. Anafumbua macho, anakula ya mchana na ya usiku kwa pamoja. Huyo si mkorofi. Ana hesabu zake."

"Kwa hiyo haumwi?"

"Mtazame mashavu hayo! Kama huo ni ugonjwa, tuambukizane."

Mama alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, machozi yakamtoka bila ruhusa. Baba akashtuka. Kabla hajafumbua macho vizuri, mkono mmoja ulikuwa umemkumbatia mtoto na mwingine unatafuta rungu.

"Nani? Simama hapohapo!"

"Ni mimi, baba watoto."

"Mbona umerudi usiku?"

"Ni saa nane na nusu mchana. Usiku ni wa kwako."

Baba aliisoma barua akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akiielekeza kwenye mwanga wa mlango. Aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mrefu, na wakati ule alionekana mfupi.

"Kumbe mimi ndiye niliyemharibu."

"Hujamharibu. Umemfundisha kazi."

"Usinitanie, mke wangu. Nimejisifu kwa wenzangu pale lindoni. Wao watoto wao wanalia mchana kutwa, mimi nasema wangu ana adabu. Kumbe adabu yake unailipia wewe."

Aliinuka, akatafuta koleo chini ya kitanda, akaanza kung'oa misumari. Wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu blanketi lilianguka lenyewe, na mwanga ukaingia chumbani kwa vumbi na kishindo. Mtoto akapiga chafya. Akafumbua jicho moja, akamwona mama yake katikati ya mchana, akatabasamu kwa fizi zote mbili. Kisha akanyonya kwa kishindo, miguu ikipiga mateke, mpaka Dada akauliza kama ataacha kitu kwa ajili ya jioni.

"Na wewe utalala saa ngapi?" mama alimwuliza mumewe.

Baba alikuwa ameshafikiri. Alikata usingizi wake vipande viwili kama mtu akataye mkate kwa watu wengi. Atalala akirudi mpaka saa nne asubuhi, mtoto akiwa nje mkekani na Dada, Bibi Ukuta akiwatazama. Saa nne ataamka, atakuwa naye mchana kutwa kwenye mwanga: ataosha vyombo naye, atafua naye, atapiga redio. Mama akirudi saa kumi na mbili, yeye atalala tena mpaka saa tatu, kisha aende lindoni.

"Hutaweza," mama alisema.

"Mimi ni mlinzi. Kukesha ndiko nilikosomea."

Na aliweza, ingawa haikuwa kazi ndogo kumtazama. Siku ya tatu alitia sabuni ya kufulia kwenye chai. Siku ya tano Bibi Ukuta alimkuta amesimama uani, amemshika mtoto vizuri kabisa, amefumba macho, anaimba. Mtoto naye hakukubali kwa siku moja. Kuna mchana alilia hadi wapangaji wakatoka nje kuona nani anachinjwa. Lakini usiku mara sita zikawa tano, na tano zikawa nne. Kilichogoma ni kikombe. Vijiko alivitema, kikombe alikitazama kama mtu atazamavyo dawa, na jioni alimvamia mama kwa njaa ya mchana mzima, akaendelea kuilipiza usiku.

"Anataka mara moja tu hapo katikati," alisema Bibi Ukuta. "Adhuhuri. Mkate wa mchana. Akipata huo, usiku atakuachia."

Ndipo mama alipokwenda ofisini kwa afisa utumishi, kabla kipenga cha asubuhi hakijalia. Afisa alikuwa na meza safi na kalamu tatu mfukoni.

"Haki unayo, mama," alisema kwa upole. "Saa moja kwa siku kunyonyesha. Sheria iko wazi. Hatuikatai."

"Asante. Basi saa sita na nusu nitoke, nyumbani si mbali."

"Kutoka haiwezekani. Akitoka mmoja watatoka wote."

"Basi baba yake amlete, aingie."

"Wageni hawaingii saa za kazi."

"Ana miezi mitano."

"Ni mgeni."

"Na chumba cha kunyonyeshea? Kimeandikwa kwenye tangazo pale mlangoni."

"Chumba kipo. Kwa sasa kina maboksi ya vifungo."

"Yataondoka lini?"

"Yakitumika." Afisa alivuta droo, akatazama ndani, akaifunga. "Ungejaza fomu, lakini fomu zimekwisha. Pita wiki ijayo. Na mama, ushauri wa bure: una barua mbili. Usionekane unazungukazunguka getini."

Alirudi namba tisa. Alishona kola arobaini saa ile, na arobaini iliyofuata, na hasira yake yote ikaenda kwenye mshono. Nyumbani jioni alimweleza mumewe. Alitaraja atakasirika. Baba alisikiliza tu, akauliza, "Chakula cha wafanyakazi kinaingilia wapi?"

Kiliingilia dirishani. Pembeni mwa geti, kwenye kibanda cha bawabu, kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, upana wake kama sinia kubwa. Saa sita na nusu jamaa za wafanyakazi walileta bakuli na chupa za chai, wakazipitisha hapo, na mzee wa geti akaandika kila kimoja kwenye daftari lake kabla ya kumpa mwenyewe upande wa ndani. Juu yake palipigwa rangi: HAPA VYAKULA TU.

Kesho yake, kwenye foleni ya bakuli, walisimama baba na Dada na mtoto. Mama alikuwa ndani, karibu na kibanda. Alimsikia mumewe kabla hajamwona.

"Habari za lindo, mzee wangu."

Mzee wa geti aliinua uso. Salamu hiyo si ya kila mtu. "Lindo salama. Wewe unalinda wapi?"

"Ghala la magodoro. Usiku."

"Na mchana unalinda huyo?"

"Huyo. Ana njaa, na chakula chake kiko upande wako."

Mzee aliangalia juu kwenye maandishi. Akaangalia mtoto, ambaye naye alimwangalia. Alivua kofia, akajikuna.

"Mimi nina amri mbili," alisema. "Mfanyakazi asitoke mlangoni. Mgeni asiingie mlangoni. Hapa mimi sioni mlango." Akafuta kizingiti cha dirisha kwa mkono wa koti, akatandika gazeti. "Pole pole. Kichwa kwanza. Mama, pokea."

Mtoto alipita kama mkate unaotoka jikoni, kutoka mikono ya baba hadi mikono ya mama, bila kugusa ubao. Mzee alilamba ncha ya kalamu akaandika, akisema kwa sauti kila neno: "Namba tisa. Kifurushi kimoja. Cha moto."

Mama alikaa juu ya kreti chini ya dirisha, mtandio begani. Vifungo alileta bakuli lake akaketi mbele yake, akawaita wengine watatu, na migongo yao ikawa ukuta. Wakala. Mtoto akala. Baba aliegemea nje, akazungumza na mzee kuhusu mvua, kuhusu walinzi wanaolala, na kengele ilipokaribia kifurushi kilirudishwa kilikotoka, kikiwa kizito zaidi, kinacheua.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa hivyo tena. Jumanne. Jumatano usiku mama alishtuka saa tisa, kifua kimejaa, chumba kimya, akaweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua. Alikuwa anapumua. Alikuwa amelala tu, saa tano mfululizo, kama watu. Alhamisi kola zilikuwa arobaini na nne kwa saa, na Vifungo alilalamika kwamba sasa ni yeye anayechelewa.

Ijumaa Kipenga alitoka kwenda uani wakati wa chakula, jambo asilozoea kufanya, na karatasi mkononi.

Migongo minne haikuondoka. Ilimbidi aizunguke. Alimkuta mama juu ya kreti, mtoto mapajani, na unyayo mmoja mdogo umetoka nje ya mtandio.

"Mzee," alisema Kipenga, "dirisha hili ni la nini?"

"La vyakula, msimamizi."

"Na hiki ni nini?"

Mzee alifungua daftari lake, akapekua kurasa kwa makini makubwa, kama mtu anayetafuta jibu na hana haraka ya kulipata.

Kipenga alimgeukia mama. "Ofisi imeambiwa. Mimi nimetumwa. Ama umrudishe huyo nje sasa hivi, na kesho asionekane tena hapa, ama utie saini." Alinyoosha karatasi. Ilikuwa barua ya tatu. Tarehe ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Vifungo aliacha kutafuna. Nje, baba alisogea dirishani, akaishia hapo; alimjua mkewe. Mama aliitazama ile karatasi. Aliona chumba chao, kitanda, dirisha ambalo sasa lilikuwa na mwanga. Moyo ulimpiga kwa nguvu hata mtoto akausikia, akamshika gauni kwa ngumi, asiachie.

"Kama ni kusaini nitasaini, msimamizi," alisema. "Lakini kengele bado dakika kumi na moja, na huyu amemaliza upande mmoja tu. Mikono yangu ikiwa tupu, nipe kalamu."

Akamgeuza mtoto, taratibu, kichwa mkononi, akampa upande wa pili.

Kipenga alibaki amesimama. Karatasi ilipepea kidogo. Hakuna aliyeinuka. Uani kote watu walikuwa wameshika vijiko vyao hewani, na ile sauti ndogo ya kumeza ikasikika wazi.

Vidole vinane vikajitokeza kwenye kizingiti cha dirisha, halafu nywele zilizosukwa, halafu macho mawili. Dada alikuwa amesimama kwa ncha za vidole. Alimtazama yule mwanamke mwembamba, akaitazama karatasi yake, akaona kwamba labda mgeni huyu kweli hajaelewa. Basi alimwambia, kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Mdogo wangu anakula."